Kabla ya kununua turbo: nguvu ya pikapu kuukuu hupotelea wapi kati ya Arua na Kaya

ARUA NA KOBOKO, Uganda. Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilomita 50 na ushei za lami, na kwenye lami hiyo karibu kila pikapu huonekana nzima. Dereva hubadili gia mara chache, magunia ya maharage na katoni za sabuni zimetulia nyuma, na hata injini iliyozeeka husukuma bila kunung'unika. Ukweli hujitokeza baada ya Oraba. Upande wa pili wa mpaka, pale Kaya, lami hukoma, na njia ya kwenda Morobo hadi Yei ni ya udongo mwekundu wenye vilima, ambao msimu wa mvua hugeuka tope. Hapo ndipo mwenye mzigo hujua kama gari lake lina nguvu yake lenyewe, au lilikuwa linasaidiwa na barabara.

Kwa mfanyabiashara wa West Nile hilo ni suala la mtaji. Pikapu ikishindwa kupanda, mzigo hushushwa njiani, vijana hulipwa wausukume au waubebe, nyanya huanza kulainika, na siku ya soko hupita. Kulala njiani katika maeneo ya Yei si jambo la kufanyia mzaha tangu vita vilipoenea huko mwaka 2016. Na mnunuzi aliyekuwa akingoja hawezi kungoja milele. Anao wauzaji wengine, wa Uganda na wa Kongo pia.

Ndiyo sababu swali moja halikauki katika gereji za Arua na Koboko: mtu ana pikapu ya dizeli ya zamani, bodi bado ngumu, chasisi haijapinda, lakini haina nguvu. Afanye nini? Jibu linalopendwa na vijana ni neno moja: turbo. Limekuwa kama dawa ya kienyeji, linatajwa kwa kila ugonjwa. Lakini mara nyingi gari linalosemekana kukosa nguvu halijawahi kukosa. Lilikuwa nazo, likazipoteza kidogo kidogo, na mwenyewe akazoea. Kurudisha zilizopotea ni kazi ya bei nafuu kuliko kuongeza mpya, tena ndiyo kazi ya kwanza, kwa sababu turbo ikifungwa juu ya injini iliyochoka huimaliza.

Kwa nini pikapu hizi hazistaafu

Malori makubwa yanayotoka Kampala kwenda Juba mengi hupita Elegu na Nimule, ambako kuna lami hadi Juba. Njia ya Koboko na Kaya, pamoja na njia za kuingia Kongo kupitia Vurra kwenda Aru na Ariwara, au kutoka Koboko kwenda Ingbokolo, zimebaki kuwa uwanja wa magari ya kati na madogo. Koboko yenyewe iko karibu na mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Biashara hapa ilivuka mpaka kabla ya mpaka kuwekwa.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikafuata mwaka 2022. Kwenye karatasi, soko la mfanyabiashara wa Koboko limepanuka hadi Bahari ya Atlantiki. Uanachama, hata hivyo, haukurefusha lami hata hatua moja, na anayelivuna soko hilo bado ni mwenye gari linaloweza kupita.

Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Hilux yenye injini ya 2L, 3L au 5L. Au Isuzu, au Mitsubishi L200 ya zamani. Na kwa wenye uwezo zaidi, Land Cruiser ya mzigo yenye injini ya 1HZ. Kuinunua mpya ni ndoto kwa wengi. Kuagiza iliyotumika nako kumebanwa: sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15 tangu yaundwe, na Kenya kikomo chake ni miaka 8. Kwa hiyo Hilux ya miaka ya 1990 iliyokwisha kuingia nchini haitupwi. Inafunguliwa, inafungwa, inapakwa rangi, na inarudi barabarani.

Wenye magari hayo wana sababu nyingine ya kuyapenda. Injini hizi za zamani hazina kompyuta. Pampu ya dizeli ni ya chuma na springi, nozeli ni za chuma, na fundi mwenye spana na tochi anaweza kuitengeneza chini ya mwembe. Injini mpya za dizeli husukuma mafuta kwa mgandamizo unaozidi bar 1,000, kupitia matundu membamba sana, na uchafu kidogo tu wa dumu huziua nozeli ambazo bei yake humtoa mtu jasho. Kwenye njia ya Kaya, gari linalovumilia lina thamani kuliko gari lenye mbio.

Hewa, vumbi na mwinuko

Tuchukue Hilux ya 3L. Injini hiyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu-farasi 90 hivi. Si nyingi. Sasa Arua iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama ilivyo, na hewa pungufu huchoma mafuta pungufu. Kwa hiyo kabla hata ya uzee, farasi wanane au tisa wamebaki pwani.

Halafu linakuja vumbi. Barabara za udongo kuelekea Yumbe na kambi za wakimbizi za Bidi Bidi na Rhino Camp zimelisha vichungi vya hewa kwa miaka. Kichungi kilichoziba hunyima injini hewa, moshi unakuwa mweusi, na gari linakula mafuta bila kwenda. Hilo ni tatizo dogo, la kuondolewa kwa dakika kumi. Tatizo kubwa ni ile desturi ya kukigonga kichungi kwenye tairi ili vumbi litoke. Karatasi hupasuka, au mpira wa pembeni hukaa vibaya, na tangu siku hiyo injini inameza mchanga. Mchanga husugua ringi na kuta za silinda, mgandamizo hushuka, na dizeli bila mgandamizo si dizeli. Injini hizi hazina cheche ya kuwasha mafuta. Hewa hubanwa zaidi ya mara 20 mpaka ichemke yenyewe, ndipo dizeli ipulizwe ndani iwake. Mgandamizo ukivuja, joto halifiki, asubuhi gari huwaka kwa shida na mchana halipandi.

Kupima mgandamizo wa kila silinda ni jambo la saa moja au mbili kwa fundi mwenye geji ya dizeli. Ni ajabu jinsi watu wanavyotoa pesa ya turbo bila kwanza kulipia kipimo hiki. Silinda nne zikikaribiana na zote zikiwa na nguvu, kuna injini ya kufanyia kazi. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mjadala wa turbo ufungwe mpaka injini ifunguliwe.

Mkanda wa taimingi nao husahaulika. Kwa injini za 2L, 3L na 5L, kawaida ni kuubadilisha kila kilomita 100,000, lakini kwa gari lililokwisha kupita mikono mitano hakuna anayejua limesomwa kilomita ngapi kwa ukweli. Mkanda ukiruka jino moja, nguvu hushuka na fundi asiyeangalia hulaumu pampu. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na safari inaishia hapo hapo. Anayenunua Hilux ya zamani bila historia yake heri aubadilishe siku ile ile.

Mafuta ya dumu

Hakuna mahali ambapo hadithi ya nguvu za pikapu inagusana na historia ya West Nile kama kwenye mafuta. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, watu wengi wa eneo hili walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporudi katika miaka ya 1980 walikuta uchumi umekufa, na vijana wa Arua wakaanza kuuza mafuta ya magendo kwenye madumu kando ya barabara. Watu wakawaita OPEC Boys, kwa utani wa jina la jumuiya ya nchi zinazouza mafuta duniani. Mafuta yaliyokuwa yakipita Uganda kwenda Kongo kwa kodi ya chini yaligeuzwa njiani au kurudishwa kwa njia za panya, na yakauzwa kwa bei iliyoshinda vituo. Vijana hao walikuwa nguvu ya kisiasa mjini kwa miaka mingi, na hakuna aliyetaka kuwagusa wakati wa uchaguzi.

Kiuchumi, dumu lilifanya mji utembee. Kwa injini lilikuwa jambo jingine. Mafuta yanayohamishwa kutoka pipa hadi dumu hadi chupa hukusanya maji, mchanga na kutu. Na yanayochakachuliwa kwa mafuta ya taa yana kasoro ambayo jicho halioni. Pampu za dizeli za injini hizi za zamani hazina oili yake. Sehemu zake za ndani hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Mafuta ya taa ni makavu kuliko dizeli. Pampu inayoyanywa mwezi baada ya mwezi husagika ndani, na uwazi mdogo unaobaki huvujisha mgandamizo wa mafuta.

Dalili yake madereva wa njia hii wanaijua hata kama hawajui sababu. Asubuhi gari huwaka vizuri. Baada ya kupanda mlima na mzigo, dereva akilizima kunywa chai, linakataa kuwaka mpaka lipoe, au mpaka pampu imwagiwe maji. Mafuta yakipata moto huwa mepesi zaidi na kuvuja kwenye pampu iliyolika, hivyo nozeli hazipati kitu. Kumwagia maji husaidia kwa siku hiyo, lakini chuma chenye moto kikipozwa ghafla kinaweza kukwama moja kwa moja. Gari linaloomba maji kwenye pampu linaomba fundi wa pampu.

Huyo naye ni tofauti na fundi wa kawaida. Pampu inahitaji kufungwa kwenye mashine ya kupimia, ionekane inatoa kiasi gani cha mafuta kwa kila silinda na kwa mwendo gani. Nozeli nazo hupimwa moja moja: zinapaswa kupuliza ukungu, zisidondoshe matone. Asiyepata huduma hiyo karibu anaweza kuifungua pampu na kuituma Kampala kwa basi, akalala siku mbili tatu bila gari, na bado ikawa nafuu kuliko kubahatisha. Pampu iliyopimwa na nozeli nne zinazopuliza sawasawa zinaweza kumfanya mwenye Hilux afikiri amebadilishiwa injini.

Kinachofanyika mara nyingi badala ya hayo ni kukaza skrubu. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kiasi cha mafuta, na robo mzunguko tu huongeza mvuto unaosikika mara moja. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka na wingu jeusi nyuma yake. Moshi huo ni dizeli aliyoinunua na haikuungua, na ile iliyoungua imepandisha joto ndani ya silinda kuliko hewa inavyoweza kulihimili. Hii ndiyo nguvu ya mkopo, na riba yake hulipwa kwenye mlima wa kwanza mrefu.

Kinga ya upande wa mafuta haina makuu. Kwanza kununua kituoni, hasa kabla ya safari ya Kongo au Sudan Kusini. Uganda huweka alama ya kemikali kwenye mafuta halali ili wakaguzi wayatambue yaliyochakachuliwa au kukwepa kodi, ingawa mnunuzi barabarani hana kifaa cha kuiona. Pili, pale dumu linapokuwa halina mbadala, kuyaacha mafuta yatulie kwenye chombo kinachoonyesha ndani, kwa sababu maji hushuka chini na kuonekana. Tatu, kufungua kile kikoki cha chini ya kichungi cha dizeli na kumwaga maji yaliyokusanyika, kazi ambayo haihitaji fundi. Kuna wanaofunga kichungi cha pili chenye kikombe cha kutenga maji, na kwa gari la Kaya hicho ni kifaa chenye maana kuliko taa za ziada zinazowekwa juu ya paa.

Turbo ikifaa, ifungwe hivi

Tuseme sasa mgandamizo uko sawa, pampu imepimwa, mkanda ni mpya, na bado mwenye gari anataka zaidi. Turbo si uchawi na si adui. Ni feni mbili juu ya mhimili mmoja: moja inazungushwa na moshi unaotoka, nyingine inasukuma hewa iingie. Hewa ikizidi, mafuta yanaweza kuzidi na yote yakaungua. Kwenye mwinuko wa Arua faida yake ni dhahiri, kwani kwanza inarudisha ile hewa iliyobaki pwani, ndipo inaongeza yake.

Tatizo ni joto. Injini kama 3L na 1HZ hazikuundwa na turbo, na mgandamizo wake wa asili tayari ni mkubwa. Kwa hiyo msukumo uwe mdogo, bar 0.5 hivi, yaani karibu geji 7 kwa wanaopima kwa vipimo vya tairi. Kwa kiasi hicho, injini nzima yenye mafuta yaliyopangwa vizuri inaweza kupata robo ya nguvu juu ya ile iliyokuwa nayo. Anayefuata bar moja ili kumshinda jirani anacheza kamari na pistoni. Pistoni ni za alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoziokoa ni oili na maji yanayozunguka. Ndiyo maana kifaa cha kwanza kununuliwa, hata kabla ya turbo, ni kipima joto cha moshi, kinachofungwa kwenye bomba la kutokea moshi kabla ya turbo. Kwenye injini za aina hii, wanaojua huanza kuachia mafuta sindano ikikaribia nyuzi 700. Dereva mwenye geji hiyo anajua lini ashuke gia mlimani. Asiyekuwa nayo huambiwa na harufu, akiwa amechelewa.

Turbo inakula oili ya injini, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili ya kukaa miezi minane haiwezi kuilinda. Kila kilomita 5,000 ni muda wa kutosha kwa njia hizi za vumbi, na baada ya kupanda mlima injini iachwe ikinguruma dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, ili oili iliyo kwenye turbo isiungue na kuganda. Kwa dereva wa kukodi anayekimbilia kupanga foleni ya forodha hilo ni ombi gumu, kwa hiyo mwenye gari afikirie ni nani atakayekuwa kwenye usukani.

Upoaji wa maji ni shingo ya jambo zima. Injini za familia ya 2L zinafahamika kwa vichwa kupasuka baada ya kuchemka, na 2L-T, ile iliyotoka kiwandani na turbo, ilijipatia sifa mbaya zaidi kuliko ndugu zake. Kiwanda chenyewe kilipata taabu. Fundi wa kando ya barabara asijione ana bahati kuliko Toyota. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, feni ikague klachi yake, na ndani yawemo maji yenye dawa ya kuzuia kutu badala ya maji ya kisimani.

Na thamostati irudishwe. Huko kote Afrika Mashariki kuna desturi ya kuing'oa eti injini ipoe. Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, maji mengi huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari linapoa kupita kiasi kwenye lami ya Maracha na kuchemka kwenye mlima wenye mzigo, yaani kinyume kabisa cha kilichotakiwa.

Au kuhamisha injini

Kwa mwenye Hilux ya 2L, kuna njia ya tatu ambayo haina mbwembwe na ndiyo inayoonekana kuwa ya busara kwa wengi: kuiondoa 2L na kuweka 5L. Ni ndugu wa familia moja, kwa hiyo kuifunga hakuhitaji kuchomelea na kubuni sana. Ujazo unapanda kutoka 2,446 hadi 2,986, zaidi ya moja ya tano, bila turbo, bila kompyuta na bila joto la ziada. Injini zilizotumika hutafutwa Kampala, katika soko la vipuri la Kisekka na maduka yanayolizunguka, na vipuri vyake havipatikani kwa shida kwa sababu imefungwa pia kwenye magari ya abiria ya Hiace. Cha kuangalia ni kwamba kuna 5L-E, ambayo pampu yake huongozwa kwa umeme. Anayetaka urahisi aulize kabla ya kulipa. Na ile 1KZ ya turbo inayosifiwa kwa mbio ina kichwa cha alumini chenye historia ndefu ya kupasuka, kwa hiyo muuzaji akisema haijawahi kuchemka, geji ya mgandamizo ndiyo imjibu.

Nguvu pia hupotelea chini ya gari. Wengi wanaokwenda Kongo hufunga tairi kubwa ili kupita tope. Tairi ikizidi kipenyo kwa moja ya kumi, mvuto kwenye ardhi hupungua kwa karibu kiasi hicho hicho, kana kwamba gia zote zimeongezwa mbio. Mtu anayelalamika gari limekuwa zito tangu aweke tairi mpya hana tatizo la injini. Arudishe tairi za saizi yake au abadilishe meno ya difu. Klachi inayoteleza nayo huiga injini dhaifu: sauti inapanda, mwendo haupandi.

Kisha kuna mzigo. Hilux ya kabati moja imeundwa kubeba tani moja hivi, na kila mtu aliyesimama pale Oraba ameona zilizobeba mbili na abiria juu. Kuongeza nguvu ya injini hakuongezi breki, springi wala beringi za magurudumu. Pikapu inayopanda mlima wa Kaya kwa kasi mpya itashuka upande wa pili kwa breki zile zile za zamani. Tena, magari ya Uganda yana usukani kulia, na Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva amekaa upande wa mtaro na haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari iwe imetoka. Nguvu ya ziada hushawishi kupita lori lililo mbele, jambo ambalo kwenye njia hiyo linahitaji mtu wa kando wa kumchungulia. Bajeti ya nguvu iwe na fungu la breki ndani yake.

Jambo la mwisho halihusu spana. Kadi ya gari ya Uganda ina namba ya chasisi na namba ya injini. Kuongeza turbo hakubadili namba, lakini kuhamisha injini hubadili, na mabadiliko hayo yanapaswa kuandikishwa kwenye ofisi ya usajili wa magari. Ndani ya Arua mtu anaweza kukaa miaka bila kuulizwa. Mpakani boneti huinuliwa, afisa akasoma namba kwenye bloku, kisha akasoma kadi. Zisipolingana, gari huonekana la wizi mpaka mwenyewe athibitishe vinginevyo, na kuthibitisha kwa lugha ya tatu, mzigo wa nyanya ukiwa juani, ni biashara ya hasara. Aliyenunua injini ahifadhi risiti yenye namba, jina na simu ya duka, apige picha ya namba kwenye bloku kabla haijafungwa na kufichwa na mabomba, na abadilishe kadi kabla ya kuvuka Oraba au Vurra.